Kizibo Kinatembea

Vidosava alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima, na nyingine ikabaki akiba. Alimdharau jirani yake Ruža kwa kutia sukari kwenye kabichi. Alimdharau kasisi kwa kuimbia puani. Watu wa Belgrade aliwadharau kwa kuzaliwa Belgrade. Lakini ile dharau iliyoiva, ya kufungulia chupa, aliiweka kwa ajili ya mkamwana wake Jasmina, mwanamke ambaye hakumeza kidonge hata cha kichwa bila kusoma kwanza karatasi iliyomo ndani ya boksi.

"Mwone," Vidosava alikuwa akimwambia mwanawe Nenad, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Dawa anaisoma kama Injili. Tukimngoja amalize, mgonjwa atakuwa amepona au amezikwa."

Nenad, mume wa Jasmina, alikuwa mtu wa kutazama viatu vyake. Basi alivitazama.

Binti yao, Dunja, alikuwa na miaka sita na tundu moyoni. Alizaliwa nalo, kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua; walidhani ni mvivu wa kukimbia, kama baba yake. Alipogunduliwa walimpeleka hospitali ya mji wa jirani, wakapokewa na daktari wa kike aliyeitwa Ksenija. Kucha zake alikuwa amezitafuna zote, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vimepasuka kisigino. Vidosava alivitazama vile viatu, mkutano ukawa umekwisha kabla haujaanza.

Daktari Ksenija aligusa picha ya moyo kwa ule ukucha wake uliotafunwa. "Tundu ni kubwa," alisema, "na ukingo wake upande huu ni mwembamba kama karatasi ya sigara. Kuna watoto tunawaziba kwa kizibo, tunakipitisha kwenye mshipa wa pajani bila kisu. Ila kwake kizibo hakina pa kushika. Tufungue kifua, tushone, yaishe."

"Atabaki na kovu?" Vidosava aliuliza.

"Atabaki nalo. Kutoka hapa mpaka hapa."

"Sasa nani atamwoa?"

"Bibi, huyu ana miaka sita."

"Hata wewe uliwahi kuwa na sita, binti yangu. Ona ulipofika, hata pete huna."

Jasmina alitamani sakafu ipasuke. Daktari Ksenija alizima mashine, akasema wafikirie, lakini wasifikirie sana.

Vidosava hakufikiria hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Budimir, kum wa nyumba, yaani baba wa ubatizo wa Dunja, na huko kum ni mtu ambaye unaweza kumnyima figo lakini huwezi kumnyima neno. Budimir aliuza matairi. Kwa matairi alijua polisi, kwa polisi akajua mahakimu, na hakukuwa na mlango Serbia nzima ambao yeye hakujua binamu ya bawabu wake. Kujuana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Matairi yalikuwa kisingizio tu.

"Kifua cha mtoto kufunguliwa kama kopo la dagaa?" Budimir alisema. "Kwani sisi hatuna watu? Niachie mimi."

Akaachiwa. Baada ya wiki chache walikuwa mji mkuu, mbele ya Profesa mwenye tai ya kipepeo, aliyekuwa akitokea kwenye televisheni asubuhi akieleza mioyo kama mpishi anavyoeleza supu. Profesa alitazama picha. Akapiga mbinja kidogo. Akasema, "Mh. Ukingo mwembamba kweli. Kwa kusema haki, mimi mwenyewe ningependekeza..."

Budimir akakohoa. Kikohozi chake hicho kilijulikana maofisini. "Profesa, tumetoka mbali," alisema. "Na yule ndugu yetu, unamjua, alituhakikishia kwamba kwako hakuna lisilowezekana."

Ndugu yule alikuwa mzito kuliko ukingo. Profesa akarekebisha tai yake, akasema basi, wajaribu. Jasmina peke yake ndiye aliyesikia jinsi alivyolitamka neno *wajaribu*. Vidosava yeye alisikia *basi*.

Na kweli, kazi ilifanyika kama miujiza. Wakapenya pajani, wakapandisha kitu mithili ya mwavuli mdogo, kikafunguka pande zote mbili za tundu kama kishikizo cha shati, kichwa huku na kichwa huku. Dunja akarudi chumbani na plasta moja tu ya pajani, akaomba keki. Wakati wa kuruhusiwa, Profesa aliwaeleza masharti akiwa mguu mmoja tayari ndani ya lifti: asikimbie, asiruke, asirushwe, arudi Desemba apigwe picha, na moyo ukianza kurukaruka wasingoje. Mlango wa lifti ukajifunga. Jasmina akarudia yale masharti kwa midomo, kama mtu anayesali.

"Ameanza tena," alisema Vidosava.

Kuanzia hapo soko la Leskovac, mji wao, halikupumzika. Vidosava alipita kwa wauza pilipili, kwa wauza jibini, mpaka kwa yule mama wa soksi ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu ugomvi wa mwaka ule. Kila mahali alieleza kizibo. Alieleza kwa ganda la jozi, kwa kifuniko cha chupa, kwa vishikizo vya koti la mtu aliyesimama karibu.

"Bila kisu!" alisema. "Kile kidaktari chenye kucha za panya kilitaka kunichania mtoto. Sasa nendeni mkamwangalie. Kifua kama cha malaika!"

Siku ya kurudi kupigwa picha ikaangukia wiki ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao. Mtakatifu wao alikuwa Nikola, na Mtakatifu Nikola nusu ya nchi ni yake. Siku hiyo nusu moja hupika na nusu nyingine huzunguka kula. Hakuna anayealikwa. Anayejua njia huja, na njia ya nyumba ya Vidosava ilijulikana na mji mzima.

"Mama, tumpeleke kwanza picha," Jasmina alisema. "Halafu tupike."

"Mtakatifu Nikola hana tarehe nyingine, mwanangu. Madaktari wanazo."

"Jana usiku moyo wake ulikuwa unaruka. Niliweka mkono nikasikia."

"Umemlaza na nywele mbichi halafu unasikiliza moyo. Huo ni upepo. Upepo wa kupita, dirisha kwa dirisha, umenizikia shangazi wawili. Mfunge skafu."

Nenad alitazama viatu. Dunja akafungwa skafu.

Siku yenyewe ilifika na theluji. Kwa kuwa ilikuwa katika mfungo wa kabla ya Krismasi, hapakuwa na nyama mezani, ila usimhurumie mtu: palikuwa na samaki wa mtoni wa kukaanga, maharage yaliyookwa na kitunguu mpaka yakasahau kwamba yalikuwa maharage, pilipili za kusaga, kabichi zilizoviringishwa wali na jozi, na keki ambazo Ruža alizihesabu kwa macho akitafuta kasoro. Katikati ya meza ulisimama mshumaa mrefu wa nta, ukiwaka tangu kasisi alipoondoka, na pembeni yake bakuli la ngano tamu ambayo kila anayeingia huonja kijiko kabla ya kusema neno. Nenad, kama mwenye nyumba, hakuruhusiwa kukaa. Siku hiyo mwenye nyumba husimama tangu asubuhi akiwahudumia wageni, na ni yeye tu, jioni wageni wakishatosheka, anayeuzima mshumaa kwa divai. Ukizimika kabla ya hapo, watu huanza kuhesabu nani atakufa.

Magari yalijaa uani kama samaki kwenye sufuria. La Nenad lilikuwa ndani kabisa, pua ukutani. Nyuma yake Opel ya kijivu ya Budimir, nyuma ya Opel wengine, mpaka langoni, mpaka nje ya lango. Hakuna aliyejali. Nani huondoka mapema kwenye slava?

Vidosava alikuwa amemvisha Dunja blauzi nyeupe yenye vishikizo mbele, na vishikizo vile havikuwekwa pale kwa bahati. Kila kundi jipya lilipomaliza kuonja ngano, alimvuta mtoto, akafungua viwili vya juu.

"Tazameni. Kuna kitu hapo?"

"Hakuna kitu!"

"Mguseni kabisa. Hakuna!"

"Ama kweli Vida," alisema mzee mmoja mdomo umejaa, "siku hizi wanaziba moyo kama wewe unavyoziba pipa la kachumbari."

"Pipa langu halivuji," alisema Vidosava, na chumba kizima kikacheka, naye akacheka zaidi yao, kwa sababu hapakuwa na kitu duniani alichokipenda kama nyumba iliyojaa watu wanaocheka alichosema yeye.

Ndipo Budimir alipoinuka kutoka pembeni, glasi yake ya tatu au ya nne ikiwa tumboni, akapanua mikono. "Yuko wapi mwanangu wa ubatizo? Njoo kwa kum!" Akamnyanyua Dunja kwapani, akamrusha juu kuelekea taa.

"Asirushwe!" Jasmina alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni, sinia mkononi. "Kum, nakuomba, asirushwe!"

"Dada, huyu ni mtoto, si yai," alisema Budimir, akamrusha tena. "Nimemtafutia Profesa, nishindwe kumrusha?"

"Mwache afurahi na mtoto wake," Vidosava alisema. "Wewe lete samaki."

Budimir akamtua. Dunja akasimama pale alipotuliwa, kimya, uso umejikunja kama mtu anayesikiliza hatua za mtu ghorofani. Akaweka kiganja kifuani.

"Bibi," alisema, "kizibo changu kinatembea."

Lo! Kicheko kilichopigwa hapo, glasi zililia.

"Kimesikia harufu ya maharage!" mmoja akasema.

"Kinakwenda Belgrade kumsalimia Profesa," akasema Budimir, akijifuta machozi.

"Kiambie kikae," alisema Vidosava, "nyumba hii haiondokwi kabla ya keki." Akacheka na yeye, mkono kiunoni. Hata Nenad alitabasamu, Mungu amsamehe.

Dunja hakucheka. Alijipenyeza kati ya miguu ya watu, akakaa chini karibu na rundo la viatu, mgongo ukutani. Ruža, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, ndiye aliyemwona kwanza.

"Vida, mtoto ana midomo kama plamu."

Halafu wanawake wote wakapata jibu kwa pamoja, kama kwaya: "Upepo!"

"Nani kafungua dirisha la choo?"

"Nilisema mimi! Mgongo wangu ulishajua tangu niingie."

"Leteni soksi! Lowekeni soksi kwenye rakija!"

Wakalifunga dirisha la choo. Wakafunga na la jikoni, wakaziba chini ya mlango kwa taulo. Chumba chenye watu kama mavuno kikabaki bila pumzi, na soksi zilizolowa pombe kali ya plamu zikavishwa miguu ya mtoto. Vidosava mwenyewe alipiga magoti kumsugua kifua. Alikuwa amezungumza juu ya kifua hicho mwezi mzima. Hapo ndipo alipokigusa.

Chini ya kiganja chake moyo ulikuwa ukienda kama mtu anayekimbia ngazi gizani. Ulikimbia, ukajikwaa, ukasimama. Ukakaa umesimama, muda ambao Vidosava hakuupenda hata kidogo, kisha ukaanza tena kwa pupa. Na hapo, katikati ya harufu ya soksi, aliona ukucha. Ukucha uliotafunwa, juu ya picha. *Hakina pa kushika.*

Alitaka kuudharau. Akajaribu hata kuukumbuka ule mpasuko wa kiatu. Dharau haikuja.

Jasmina alikuwa tayari amevaa koti, simu sikioni. "Gari la wagonjwa limekwenda kwa mgonjwa mwingine, wanasema tungoje. Nenad, funguo!"

"Gari letu liko ukutani," alisema Nenad.

"Basi waondoe yao! Opel ya nani? Golf ya nani ile? Jamani, magari!"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema atatoa, amalizie samaki huyu tu. Mwingine akasema lake limezibwa na la mwingine, na mwingine yumo chooni. Ruža akasema mtoto asitolewe nje na jasho, huko ndiko kumuua kabisa.

"Tulieni!" Budimir aliinua mkono. "Nampigia Profesa mwenyewe." Akapiga, akaweka simu kwa sauti kubwa wote wasikie, maana kujuana kusikosikika kuna faida gani? Simu ikapokelewa na akodioni. Profesa naye alikuwa kwenye slava mahali fulani, kwa Mtakatifu Nikola huyu huyu.

"Mpeni maji alale," sauti ilisema, nyuma yake watu wakiimba. "Jumatatu mleteni. Na hongereni kwa sikukuu!"

"Mmesikia?" alisema Budimir. "Jumatatu. Vida, kaa chini, unatisha watu."

Vidosava aliinuka. Hakukaa. Alichukua glasi ya divai nyekundu iliyokuwa mbele ya Budimir, akatembea mpaka kwenye mshumaa, akaumwagia.

Ukalia *chsss*. Moshi mwembamba ukapanda kwenye taa.

Mwanamke! Mchana! Samaki wakiwa nusu! Mzee wa kachumbari alijipiga ishara ya msalaba kwa uma.

"Slava imekwisha," alisema Vidosava. "Magari nje."

"Vida, una wazimu?" Budimir alinong'ona. "Unajua hilo linaleta nini nyumbani?"

"Limeshaletwa, kum. Tulilileta mimi na wewe, na kukohoa kwako. Sasa nitolee Opel, au niitoe mimi na lango lake."

Wakatoka kama mifugo iliyosikia radi. Watu walivaa makoti ya wenzao. Mtu aliondoka na kiatu chake kimoja na kimoja cha mzee wa kachumbari. Injini zilinguruma, magari yakarudi nyuma yakigongana matako kwenye theluji, na Vidosava alisimama katikati ya barabara na aproni yake akiyaongoza kwa matusi, kwa jina la kila mwenye gari na la mama yake.

Hawakwenda Belgrade. Walikwenda kwa kucha.

Daktari Ksenija alikuwa zamuni. Mtakatifu wake alikuwa wa siku nyingine. Alipitisha kile chombo cha picha kifuani pa Dunja, akatazama, na uso wake ukabadilika kidogo tu. Tundu lilikuwa wazi kama lilivyozaliwa. Kizibo kilikuwa kimechomoka kwenye ule ukingo mwembamba, damu ikakibeba, kikapitia moyoni na kukwama kwenye bomba kubwa la kwenda mapafuni.

"Anasema kilikuwa kinatembea," alisema Jasmina.

"Alisema kweli," alisema daktari. "Tutajaribu kukivuta kwa kitanzi cha waya. Kisipokubali, tunafungua."

Vidosava alikuwa amesimama pale akingoja. Njia nzima alikuwa ameandaa jibu, kali, lenye viatu ndani yake, kwa lile neno atakalorushiwa: *si niliwaambia?* Daktari Ksenija hakulisema. Alipita mbele yake mbiombio akiita watu, kisigino kikipwaya. Jibu likabaki mdomoni mwa Vidosava kama mwiba wa samaki.

Kizibo hakikukubali. Walifungua.

Kwenye benchi la korido walikaa wawili, mkwe na mkamwana, Nenad akiwa ametumwa kahawa ambayo hakuna aliyeitaka. Vidosava alikuwa bado na aproni yenye maharage.

"Haya, sema," alisema.

"Niseme nini, mama?"

"Unachotaka kukisema. Unacho. Umekisoma."

Jasmina akavua koti lake, akamwekea mabegani, akalikaza shingoni kuliko ilivyohitajika.

"Jifunike," alisema. "Usije ukapata upepo."

Vidosava, ambaye katika maisha yake alikuwa amepiga watu vijembe vya kujaza gunia, alitambua kijembe safi alipokiona. Alfajiri daktari wa upasuaji alitoka, akavua kofia, akasema mtoto ameamka anauliza keki. Vidosava akalia kwenye koti la mkamwana wake, na hakumruhusu mtu amtazame.

Mwaka ukapita. Watu wenye busara walisema slava ijayo nyumba ile itakuwa tupu, nani ataenda kufukuzwa tena? Watu wenye busara hawajui watu. Walikuja wote, na mara mbili zaidi, hata yule mama wa soksi, maana nani angekubali kukosa? Walionja ngano jicho likiwa kwenye mshumaa.

Dunja alikuwa kwenye kiti karibu na mlango akifanya biashara. Anayetaka kuona kovu alilipa kokwa moja ya jozi. Kugusa, jozi mbili. Kovu lilishuka katikati ya kifua, jekundu na lililonyooka, na bakuli lake lilikuwa limeshafurika.

Ruža alilipa, akatazama, akatikisa kichwa. "Maskini, refu hivi," akasema kwa ile sauti ya huruma inayouma. "Nani atamwoa huyu, Vida?"

Chumba kikatega sikio. Kutoka jikoni Jasmina naye alitega.

"Mtu anayejua kusoma," alisema Vidosava. "Kwa hiyo wanao wote, Ruža, wako salama."

Wakacheka mpaka mshumaa ukayumba. Kisha Vidosava akakumbuka kwamba Budimir hajaonekana, akaenda dirishani, akafuta ukungu kwa aproni. Uani kulikuwa na gari moja tu, la Nenad, pua langoni. Mengine yote yalikuwa yamepangwa nje kando ya barabara, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mbali kabisa, kwenye duka la mikate, Opel ya kijivu ilikuwa ikizimwa. Budimir akashuka na chupa kwapani, akaanza kuja kwa miguu kwenye theluji, akiteleza na kulaani, kum mzima.

Vidosava alifungua dirisha ili amwone vizuri anavyoteleza.

"Upepo!" Ruža alipiga kelele. "Vida, mtoto! Funga!"

Vidosava akaliacha wazi.